Maksi Kumi za Malkia wa Mwaloni

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mimi nililelewa Misungwi, na kwetu hatuanzi kumweleza mkubwa shida zetu kabla ya kumwamkia, awe anasikia au hasikii.

Ninaogopa. Naliweka hilo mwanzoni kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Alhamisi saa nne asubuhi natakiwa nisimame mbele ya wageni wa chuo na kusema sentensi moja ya uongo. Nikiisema, mkataba wangu unaendelea. Nisipoisema, mwezi wa sita nafungasha. Leo ni Jumatatu, saa nane mchana, nimekaa kwenye meza yako.

Ndiyo, meza yako nimepewa mimi. Kiti pia, kile chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwenye droo nilikuta penseli zako, zote zimechongwa kwa kisu, na nusu mfuko wa karanga. Karanga sikuzitupa wala sikuzila. Bado tunafundishia kwenye lile ghala la pamba la ushirika, na mvua ikipiga bati, nyuzi za pamba bado zinadondoka kwenye chai. Mtu mgeni anadhani ni vumbi.

Mengine yamebadilika. Tangu uondoke, sasa ni miezi kumi na moja, wanafunzi wamekuwa wengi mpaka wengine wanakaa madirishani. Serikali imejitoa, wanalipa wenyewe, na mzazi aliyeuza ng'ombe anataka kujua amenunua nini. Siwalaumu, baba yangu naye aliuza. Lakini siku hizi swali ni moja tu: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nje ya geti kuna kibanda cha fotokopi kinachouza notisi zako. Wametoa nakala za mwandiko wako ule ule, hata yale maneno uliyokuwa unaandika pembeni ukikasirika. Nilinunua moja nione. Nikasimama pale barabarani na machozi kama mtu aliyeibiwa.

Somo letu la Jamii na Maendeleo sasa wanaliita "somo la kulia". Wanasema kwa utani, na nusu yake ni kweli. Unakumbuka ule ukurasa wako wa kwanza? Kila mwanafunzi, kabla hajaandika karatasi ya muhula, aandike ukurasa mmoja wa kilichomuuma huko alikokwenda. Si takwimu, si nadharia. "Andika kilichokuuma. Ukishakijua, ndipo uende maktaba ukatafute kwa nini kipo." Kuna mzee mmoja kwenye kikao alikwambia chuo si kanisa. Ukamjibu kwamba hata kanisani watu wanasinzia. Mimi nilikuwa kwenye kona, mhadhiri msaidizi wa wiki tatu, nikacheka nikajifanya nakohoa.

Nilikuogopa wewe pia, unajua. Siku ya kwanza uliponipeleka Mwaloni, pale Kirumba, nilivaa viatu vyangu vya kuhitimu. Ulivitazama, ukapita katikati ya maji ya samaki na kandambili zako, nami nikafuata nikirukaruka. Tulifika kwa wale akina mama wa panki, wanaonunua kichwa na mgongo wa sangara baada ya viwanda kuondoa minofu ya kupeleka Ulaya. Wanakaanga, wanauza, mtaa mzima unakula. Ulikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ulikaa saa nzima bila kutoa kalamu. Mimi nilitoa ya kwangu dakika ya pili, ukanitazama, nikairudisha mfukoni.

Siku hiyo ndipo nilipokusikia kwa mara ya kwanza ukiuliza lile swali. Tulikuwa tumeshainuka. Ukamgeukia yule mama mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ukamwambia, "Mama, kwenye karatasi nikuite nani?" Akacheka mpaka akaweka upawa chini. Akasema, "Niite Malkia." Wote wakacheka, nawe ukacheka. Ukaandika Malkia. Na mimi, Mwalimu, nilifikiri ni utani wa kuagana. Nilifikiri ni ufundi wako wa kuwachangamsha watu. Kwa miaka mitatu nilikuona ukiuliza hivyo kwa wavuvi, kwa wapasua mawe, kwa wakulima wa pamba kule kwetu, na sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Sheria zako nyingine nilizishika vizuri. Ya kurudisha karatasi niliishika zaidi ya zote, maana niliipenda. Mwanafunzi arudi kwa mtu yule aliyemwandika, amsomee karatasi nzima kwa Kiswahili, kwa sauti, na yule mtu asahihishe na kutoa maksi. "Tisini ni zetu. Kumi ni za mwenye maisha." Mtunza matokeo alikuwa anakasirika kwamba kumi hizo hazina fomu. Ulimwandikia kwa penseli kila muhula, naye kila muhula alizikubali. Na ile kauli yako ya kufungia, ambayo wanafunzi waliiandika mpaka kwenye ukuta wa choo: karatasi haijakwisha mpaka mwenyewe ameisikia.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Nina mwanafunzi mmoja, mwaka wa pili, binti wa mwalimu wa shule ya msingi huko Ukerewe. Nilimuuliza jana nimwiteje kwenye barua hii, akasema Neema, basi ni Neema. Ana akili na ana moyo, vyote viwili, na wewe ulisema ukimpata wa hivyo usimharibu. Januari alikwenda Mwaloni. Akarudi na ukurasa wa kilichomuuma ambao nilishindwa kuumaliza nikiwa nimekaa. Aliandika habari za mama mmoja ambaye kiwanda anakochukulia panki kimeanza kuziuza zote kwa tajiri mmoja mwenye malori. Mama yule akabaki anapewa kidogo kidogo kwenye geti dogo, kwa huruma ya mlinzi, alfajiri kabla mabosi hawajafika. Neema aliandika geti, aliandika mlinzi, aliandika jina la mama. Karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia. Tulikwenda kuirudisha Mwaloni, lakini siku hiyo samaki walikuwa wengi, mama hakuwa na nafasi hata ya kuonana nasi, akatuma mtu atwambie tuje wiki nyingine. Hatukwenda wiki nyingine. Nilikuwa na haraka, Mwalimu. Nilikuwa na fahari. Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, juu kabisa, nikaandika kwa wino mwekundu: mfano wa kuigwa.

Wiki ile wakaja wageni kukagua kiwanja cha ukumbi mpya. Ukumbi tunajengewa na kiwanda. Kiwanda kile kile. Nilijua hilo, lakini sikuliunganisha. Nakuapia sikuliunganisha. Wageni walitembezwa, wakasimama kwenye ubao wakisubiri soda, wakasoma.

Mlinzi akahamishwa geti dogo siku ya pili. Mama yule akafukuzwa mbele ya wenzake na kuambiwa akionekana pale tena ataitiwa polisi. Neema alipata habari sokoni, akaja mpaka mlangoni kwangu, hakuingia. Alisema, "Mwalimu, nimemnyang'anya mtu chakula kwa mwandiko wangu." Halafu hakuja darasani siku tisa.

Ndipo nilipoelewa lile swali lako. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilitafuta karatasi za zamani kwenye kabati lako, nikaikuta ile ya Malkia, ya miaka minne iliyopita. Mambo yote yamo, makali kuliko ya Neema, hata lawama kwa viwanda zimo. Na hakuna mtu aliyeweza kumgusa, kwa sababu Malkia hayupo popote kwenye daftari la mtu yeyote. Ulikuwa unamjengea ukuta, na ulikuwa unamwachia aujenge mwenyewe, kwa kucheka. Mimi nilichukua kicheko nikaacha ukuta.

Mkuu wa idara aliniita Ijumaa. Si mtu mbaya. Yeye naye anaogopa. Ametafuta paa la ukumbi kwa miaka miwili, na wanafunzi madirishani ni wake pia. Aliniambia kwa upole: "Mabula, Alhamisi wageni wanakuja kuweka jiwe la msingi. Wewe simama useme ile karatasi ni zoezi la kubuni, mwanafunzi alijitungia. Sentensi moja. Watapiga makofi, yaishe." Kisha, akitazama dirishani, akasema kwamba somo hili linaweza kufundishwa vizuri tu ubaoni, na kwamba mikataba inapitiwa mwezi wa sita. Nilisema, "Sawa, Mkuu." Nilisema sawa, Mwalimu! Mdomo wangu ulijibu kabla yangu.

Nikakumbuka bandarini. Hili sijamwambia mtu. Siku walipokupandisha melini kukupeleka kwenu Bukoba, ndugu zako walinihifadhia nafasi. Niliwaambia nina mitihani ya kusahihisha. Ulikuwa uongo. Ile mitihani ulikuwa umeshaisahihisha wewe, wiki ile ile presha ilipokuangusha. Niliogopa meli. Niliogopa maji, niliogopa kukaa usiku kucha na jeneza lako chini yangu. Nilisimama gatini nikapunga mkono, nani nilikuwa nampungia sijui, halafu nikaenda nyumbani Nyegezi kwa miguu. Basi Ijumaa, nikitoka ofisini kwa Mkuu, nilijiambia: Mabula, mwoga wewe, umeshamwacha mmoja gatini.

Jumamosi asubuhi nikamfuata Neema kwa shangazi yake, tukaenda Mwaloni. Niseme ukweli: tulifika saa tatu na nilimwendea yule mama saa nne. Saa nzima nilizungukazunguka kwenye mafungu ya dagaa nikijifanya nauliza bei. Neema alinisubiri.

Yule mama alikuwa anaanika dagaa za mtu mwingine, kwa kibarua. Kitambaa cha kijani kichwani. Mwalimu, ni yeye. Ni Malkia. Amekonda, na mimi wiki zote zile nilikuwa nasoma jina lake halisi kwenye karatasi ya Neema bila kujua kwamba ni mama yule yule, kwa sababu wewe hukuniambia jina lake halisi hata siku moja.

Nilimwamkia shikamoo, kimya. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kimya. Aliendelea kutandaza dagaa. Neema akapiga magoti pale pale kwenye mchanga wenye magamba. Ndipo yule mama akasema, bila kuinua kichwa, "Mwinue mtoto, nguo yake itanuka." Kisha akanitazama mimi. "Mwalimu wako alikuwa ananiuliza. Kila alipokuja aliuliza. Wewe hukuniuliza."

Nilisema, "Ni kweli, mama. Sikuuliza. Kosa ni langu, si la huyu binti." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kusomea kwenye karatasi, kama mjinga. Yalibaki mfukoni.

Akasema, "Hata kunisomea hamkunisomea. Wengine wamenisoma mimi mwenyewe sijajisikia." Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. "Nisomee sasa."

Neema akasoma. Akina mama wengine wakasogea, wakawa wanaitikia, wanasahihisha. Si malori mawili, ni matatu. Si alfajiri tu, hata Jumapili watu wakiwa misani. Ilipofika habari ya mlinzi, Malkia akasema hapo pafutwe, yule ana watoto, aandikwe "mtu mmoja mwenye huruma". Neema akapapiga mstari kwa penseli yako, maana nilikuja nayo. Alipomaliza, Malkia akasema, "Binti nampa saba. Mengine ameyaona kwa juu juu." Kisha akaninyooshea kidole chenye magamba ya dagaa. "Wewe mwalimu wake, sifuri." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, na nilikuwa nalia.

Ndipo nikauliza. Nimechelewa miaka minne, lakini niliuliza. "Mama, kwenye karatasi tukuite nani?"

Hakucheka safari hii. Alisema, "Sasa hivi nimfiche nani, na kwa nani? Wameshanijua. Wameshanifukuza. Andikeni jina langu mwenyewe, na la baba yangu." Akaniuliza kama ni kweli wenye kiwanda watakuja chuoni Alhamisi. Nikasema ni kweli. "Basi hapo ndipo pa kusomea. Hapa tunajuana sote. Mimi sitaki kulia, nataka wanirudishie nafasi ya kununua kama zamani, mimi na wenzangu. Nitakuja. Nitakaa mbele nisikie unavyosema."

Nitakaa mbele nisikie unavyosema. Maneno hayo nimelala nayo tangu Jumamosi.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Alhamisi mbele yangu atakuwepo Mkuu na jiwe lake la msingi, watakuwepo wenye kiwanda, na kwenye benchi la mbele atakuwepo yeye na kitambaa chake cha kijani. Nikisema sentensi ile, nitakuwa nimemwambia machoni kwamba ametungwa tu, kwamba njaa yake ni zoezi. Na Neema atajifunza kutoka kwangu somo ambalo halitamtoka maisha yake yote. Nisipoisema, ukumbi unaweza usijengwe, wanafunzi waendelee kukaa madirishani wakinilaumu, na mimi nirudi Misungwi kumweleza baba kwamba ng'ombe wake wameishia hapa. Na inawezekana mama yule asirudishiwe chochote. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Kwamba nitapoteza vyote na yeye asipate hata kichwa cha sangara.

Ningependa kukwambia nimepata ujasiri. Sijapata. Nimefanya mazoezi leo asubuhi ghalani, peke yangu, madawati matupu, na mara tatu nimeikatisha sentensi njiani. Uliwahi kuniambia kwamba kila unapoingia darasani mikono yako inakuwa baridi, na kwamba ndiyo maana ulikuwa unashika kikombe cha chai. Nilidhani unanifariji. Leo nimeshika kikombe chako. Kina nyuzi za pamba ndani.

Nakuahidi hivi. Alhamisi nitasimama, na nitasema: karatasi hii ni ya kweli, kosa lililomo ni langu, kwa sababu sikuuliza. Kisha nitakaa chini, Neema asome, na mwenye maisha atoe maksi zake mbele yao wote. Nikishindwa kusema, nimekubaliana na Neema kwamba atanyanyuka asome hivyo hivyo, bila kunisubiri. Nimemwambia anisamehe mapema.

Na mwezi wa sita, nikiwa na kazi au sina, nitapanda meli. Nimeshauliza siku za safari. Nitakuja mpaka kwenye migomba ya kwenu, nitakaa chini kando yako, na nitakusomea barua hii kwa sauti, yote, hata pale pa bandarini. Hii nayo ni karatasi na inamhusu mtu, na haijakwisha mpaka mwenyewe ameisikia.

Ukiisikia utaona kwamba tangu mwanzo hadi hapa sijaandika jina lako mahali popote. Sikusahau, Mwalimu. Sijakuuliza.

Kwaheri kwa sasa. Nitakuja na penseli. Hizo kumi ni zako.

Mwanafunzi wako,
Mabula